Nyanya Zangu na Blanketi la Ndoa

Ukiniona na jaketi la mtumba la kike, lile lenye manyoya shingoni, usicheke. Huku Nyololo mwezi wa sita ukiingia, heshima unaikunja unaiweka kabatini. Ukiamka unafuka moshi mdomoni kama fuso la mbao linalopandisha kutoka Mgololo. Maji ya kunawa yanauma. Na mimi, mtoto wa Temeke niliyeletwa huku na ndoa, ndo mwaka huu nimeamua kulima bustani.

Kuamua kwenyewe nako niliamuliwa. Mama watoto alisema tu, "Wanaume wenzako wana vinyungu." Nikakwisha.

Kinyungu ni bustani ya bondeni. Wenyeji wa huku Mufindi mvua zikikata mwezi wa tano wanashuka mabondeni kwenye unyevu, wanainua matuta, wanakula mboga na mahindi mabichi kiangazi chote. Mimi nikajichagulia pembeni kabisa ya kijito. Nani abebe ndoo? Sijainua jembe, mtendaji huyu hapa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, mita 60 kutoka kwenye maji. Akazipima kwa hatua. Na jamaa ana miguu mirefu, aisee! Mita zake zikaja kuishia nyuma ya jiko langu. Wengine sikuona akiwapimia, lakini mie nani?

Basi bustani ikawa nyuma ya jiko, maji yakabaki bondeni, na ndoo ikabaki kichwani kwangu.

Nikapanda nyanya. Bibi jirani akachungulia juu ya ua, "Kamwene mkwe! Msimu huu panda kabichi, figiri, njegere, saumu. Hizo zinaiweza baridi. Nyanya haziwezi, wala maharage, wala maboga." Nikamwitikia vizuri, moyoni nikasema wivu huo. Muuza duka la pembejeo mbona hakusema? Kaniuzia mbegu, akaniuzia na dawa ya ukungu juu yake, akanisindikiza mpaka mlangoni. Mtu mstaarabu kabisa.

Sasa tatizo la huku ni usiku mzuri. Usiku wa mawingu hauna neno, mawingu yanazuia joto lisiondoke ardhini. Lakini uone nyota zimejaa, upepo umetulia, wapenzi wanasifia anga, ujue umeumia. Joto lote la ardhi linapaa linapotea, hewa ya baridi kwa kuwa nzito inateremka na kutuama mabondeni, na alfajiri umande umeganda mweupe juu ya majani. Siku ya kwanza nilidhani watoto wamemwaga unga. Nikawagombeza, nikawanyima na chai. Jua lilipopanda majani yakawa meusi. Yameungua, na hakuna aliyewasha moto!

Bwana shamba akaja na pikipiki yake, akacheka kwanza. Mwagilia asubuhi, akasema, maana udongo wenye unyevu unalitunza joto la mchana kuliko mkavu. Jioni tandika nyasi juu ya miche, asubuhi jua likitoka ziondoe. Mimi nilikuwa namwagilia jioni, tena maji ya uvuguvugu, tena kwa mkaa wangu. Huruma haithaminiwi huku.

Nikatandika nyasi. Mbuzi wa jirani wakala nyasi, wakashushia na miche. Nikawaza mifuko ya rambo, nikakumbuka ilipigwa marufuku Juni 2019. Nikafunika chandarua, baridi ikapita kwenye matundu ambayo mbu hapiti. Imebaki nini? Limebaki blanketi.

Mama watoto akaamka usiku anapapasa. "Baba watoto, blanketi liko wapi?"

"Liko kazini."

Akahamia kwa watoto. Hakugomba. Bora angegomba.

Kwa kawaida alfajiri hakuna mtu njiani. Sasa siku hiyo, mimi nimechuchumaa kwenye matuta, nakunja blanketi, jaketi la manyoya mwilini, ndo wanapita vijana wanaowahi barabara kuu kuwauzia njegere abiria wa mabasi ya Mbeya. Wakanisalimia kwa adabu mno. Hiyo adabu ndo iliyonimaliza. Kufika mchana kijiwe kizima kinajua mkwe kafukuzwa ndani, analala bustanini. Nikienda kununua kiberiti naulizwa, "Usiku ulikuwaje, mkwe?" Mwingine akanipa pole na mkeka.

Jioni baba mkwe kaja na wazee wawili kusuluhisha. Wamekaa, wamekohoa, wamenikumbusha mahari. Nikasema jamani, ni nyanya! Wakatazamana. Nikawapeleka nyuma ya jiko wakaione iliyopona, moja, ya kijani, imegoma kuiva tangu mwezi wa saba kwa sababu ya baridi. Baba mkwe akaiminya, ikadondoka. Wakarudi ndani wakakata shauri: nimekosa, nitoe jogoo. Jogoo akapikwa hapo hapo, kwa kabichi ya bibi jirani, na bibi mwenyewe akaalikwa. Mimi nikawekewa shingo.

Blanketi limerudi chumbani na vidukari wake, kwa hiyo mama watoto naye bado yuko kwa watoto. Kama una njegere za bei poa nitafute mimi mwenyewe. Usimpitishie bibi.