Marehemu Aliyepotelea kwenye Ndoa

Salamu kwa wote wa nyumbani, wa Tanga mjini na wa Pangani, na wale waliohamia Dar es Salaam wakadhani wamefika Ulaya. Mwandishi wenu aliyeko Queens, New York, hajambo; baridi imepungua, kodi ya nyumba haijapungua. Barua ya safari hii inahusu wafu. Msianze kutandika mikeka, hakuna aliyefiwa. Ni kwamba katika nchi hii marehemu wana shughuli nyingi kuliko walio hai.

Mchukueni Mama Mwenye Nyumba, muuguzi mstaafu mwenye asili ya Ayalandi. Jirani wa mlango wa pili hamjui hata jina, humwita "yule bwana mwenye mbwa". Lakini muulizeni babu wa bibi yake alipanda meli gani, alishuka lini, alikuwa na masanduku mangapi: atawajibu bila kukuna kichwa, kisha atawatolea nakala ya ukurasa wenyewe. Jumamosi huketi mbele ya kompyuta, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, akimtafuta mtu aliyekufa kabla redio haijaingia majumbani. Akimpata, hupiga ukelele utadhani Coastal Union wamefunga bao dakika ya tisini.

Ajabu ni kwamba hatafuti wakubwa. Zamani nasaba hapa ilikuwa mchezo wa wenye nazo. Chama cha Daughters of the American Revolution, kilichoanzishwa mwaka 1890, mpaka leo hakimpokei mwanamke mpaka athibitishe kwamba ametokana na mtu aliyesaidia mapinduzi ya kumng'oa Mwingereza. Kisha Januari 1977 televisheni ikaonyesha Roots, tamthilia iliyotokana na kitabu cha Alex Haley kuhusu ukoo wake tangu Gambia, na watu wa kawaida wakamiminika kwenye nyumba za nyaraka kuulizia babu zao: wachimba mitaro, wauza samaki, madobi. Toka hapo hawajatoka.

Sasa sikieni mkasa wa Annie Moore, maana ndani yake mna ugonjwa wote wa utafiti huu na dawa yake.

Tarehe 1 Januari 1892 serikali ilifungua kituo kipya cha kupokelea wahamiaji kwenye kisiwa cha Ellis, bandarini New York. Wa kwanza kupita alikuwa msichana kutoka Cork, Ayalandi, aliyekuja kwa meli ya Nevada pamoja na wadogo zake wawili wa kiume, Anthony na Philip, kuwafuata wazazi waliotangulia. Mkuu wa kituo akampa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Magazeti yakaandika kwamba siku hiyo alikuwa akitimiza miaka 15. Habari tamu kweli, ila msichana alizaliwa Mei 1874, kwa hiyo alikuwa na miaka 17 na siku yake ya kuzaliwa ilikuwa bado miezi mitano. Waandishi wa habari ni walewale kila mahali.

Baada ya hapo Annie akatoweka. Miaka mingi baadaye ikavuma kwamba alikwenda Texas, akaolewa na mtu wa ukoo wa Daniel O'Connell, yule mwanasiasa mashuhuri wa Ayalandi, na mwaka 1923 akagongwa na tramu karibu na Fort Worth, akafa. Hadithi ilikuwa na kila kitu: farasi, jua la magharibi, mume wa ukoo mkubwa, kifo cha ghafla. Ikaingia vitabuni. Wazao wa Texas wakawa wanaalikwa kwenye sherehe, na mwaka 1993 zikasimamishwa sanamu mbili za Annie, moja Ellis na nyingine Cobh, bandari aliyoondokea.

Mtafiti wa nasaba anayeitwa Megan Smolenyak ndiye aliyeutia mchanga mchuzi huu. Akitafuta picha na karatasi kwa ajili ya filamu ya wahamiaji, alitazama nyaraka za marehemu wa Texas akaona jambo dogo: mama yule alizaliwa Illinois. Mtu hawezi kuhamia nchi aliyozaliwa. Ina maana familia ya watu wema, kwa nia safi kabisa, ilikuwa ikipokea heshima za Annie Moore mwingine. Basi wa kwetu yuko wapi? Mwaka 2006 Smolenyak akatangaza kwenye intaneti zawadi ya dola 1,000 kwa atakayemfichua.

Kabla hamjauliza ugumu uko wapi, tazameni anavyotafutwa mtu huku. Kamba yao kuu ni jina la ukoo, lile la mwisho. Likikatika, ndoo imebaki kisimani. Na kwa mwanamke hukatika siku ya harusi: anaingia kanisani Moore, anatoka na jina la watu wengine, na kuanzia hapo karani wa sensa, karani wa mahakama na mchimba kaburi wote wanamwandika kwa jina la mumewe. Hakufa, hakuhama, hakujificha. Aliolewa tu. Nusu ya bibi zao wamepotelea hapo. Kwetu pwani Mwanaisha binti Hamisi akiolewa ni binti Hamisi, akiachika ni binti Hamisi, akiolewa mara ya tatu na mtu wa Muskati bado ni binti Hamisi, na mwenye kumtafuta anajua pa kuanzia. (Wanaume wetu ndio wangewatoa jasho watafiti hawa: Ali bin Hamisi, mwanawe Juma bin Ali, mjukuu Hamisi bin Juma. Vizazi vitatu, majina ya mwisho matatu, na la kwanza limerudi kukaa mwanzoni.)

Hata jina likipatikana, tahajia inaweza kuwa imevurugika. Wengi hapa huapa kwamba jina la babu lilibadilishwa na karani wa Ellis. Watafiti wamechoka kulikanusha hilo. Makarani wa kisiwani walifanya kazi wakiwa na orodha za abiria mkononi, zilizokwisha kuandikwa bandarini ng'ambo. Wengi waliobadilisha majina walifanya hivyo wenyewe baadaye, ili waajiri na walimu wa watoto wasiumwe ulimi. Vilevile karani wa sensa aliandika alichosikia, na mlangoni huenda alijibiwa na mpangaji, au na mtoto.

Dawa ya tahajia wanaiita Soundex, mbinu iliyopewa hataza mwaka 1918. Unachukua herufi ya kwanza ya jina, unatupa irabu, na konsonanti zinazobaki unazipa namba kwa jamaa za sauti zake: r ni 6, m na n ni 5, k na s ni 2, na kadhalika. Moore anakuwa M600, na Muir na Meyer pia. Katika miaka ya 1930 serikali iliwaajiri watu waliokosa kazi wapange kadi za sensa za zamani kwa mtindo huu. Mwandishi wenu alijaribu majina ya nyumbani, akakuta Juma ni J500, sawasawa na John. Hamisi ni H520, ndugu yake Hans. Bakari ni B260, na B260 ni Baker. Kina Bakari wa Tanga wajue kwamba kwenye kabati za Washington wangepangwa na wauza mikate.

Halafu moto. Januari 1921 moto ulizuka katika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington, chini kabisa kulikorundikwa karatasi za sensa ya 1890. Zilizonusurika ziliungua kingo na kulowa maji ya zimamoto, zikaachwa miaka zikisubiri uamuzi. Uamuzi ukaja: zitupwe. Bunge liliidhinisha Februari 1933, mwezi uleule Rais Hoover alipoweka jiwe la msingi la Nyumba ya Nyaraka ya Taifa. Katika nchi iliyokuwa na watu karibu milioni 63, yamebaki majina 6,160 hivi. Mtajieni mtafiti wa nasaba "elfu moja mia nane na tisini" mkitaka kumtia huzuni. Kati ya 1880 na 1900 kila ukoo una shimo la miaka ishirini.

Na msidhani sensa nyingine ziko wazi. Majibu ya mtu hufungiwa miaka 72. Ya 1950 ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022. Ya 1960 wanaisubiri hadi 2032. Mama Mwenye Nyumba anaihesabia siku, kwa sababu anataka kujua mama yake alijitajia umri gani. Katika sensa za nyuma, bibi mkubwa alizeeka miaka saba katika kila miaka kumi.

Turudi kwa Annie. Aliyemwokoa ni mmoja wa wale wadogo zake. Kamishna wa kumbukumbu wa jiji la New York, Brian Andersson, alichimbua hati ya uraia ya Philip Moore, na kutoka kwa Philip wakafika kwa wazao wanaoishi. Kaka habadilishi jina kwa kuoa. Tangazo lilikuwa na wiki chache tu, na Septemba mwaka huohuo habari zikatoka gazetini.

Na huyo Annie wa kweli alikwenda wapi? Hakwenda popote. Aliishi mitaa ya Lower East Side, Manhattan, katika zile nyumba za kupanga zilizobanana, maisha yake yote. Aliolewa na Joseph Schayer, mtu wa asili ya Kijerumani aliyefanya kazi Soko la Samaki la Fulton. Alizaa watoto kumi na mmoja au zaidi. Waliofikia utu uzima ni watano. Sensa za 1900 na 1910 zilikuwa na safu mbili zilizokaa pamoja, mama amezaa wangapi na walio hai ni wangapi, na kila mwanamke wa mtaa ule alisimama mlangoni akamtajia karani namba mbili. Annie alikufa Desemba 1924 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 50, akazikwa makaburi ya Calvary, huku Queens, bila jiwe. Calvary ina maiti karibu milioni tatu, na kaburi lisilo na jiwe pale ni sawa na hakuna. Oktoba 2008 likawekewa msalaba wa Kiselti wa jiwe la buluu lililotoka Ayalandi. Wazao wake walikutwa na majina ya Kiayalandi, Kiyahudi, Kiitaliano na Kiskandinavia. Binti wa Cork alikuwa ameioa dunia nzima kwa niaba ya wajukuu.

Mwandishi wenu anakiri kuipenda hadithi hii kuliko ile ya Texas. Farasi hayumo, lakini samaki yumo.

Ghorofa ya chini anakaa mzee Mweusi, mzaliwa wa South Carolina, naye ana faili lake. Lake lina ukuta. Sensa za 1850 na 1860 ziliwahesabu watumwa katika orodha ya peke yake: jina ni la mwenye mali, na chini yake mistari ya umri, jinsia na rangi. Mwanamke, 34. Mvulana, 6. Majina hakuna. Ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kama watu, na nyuma yake mzee hupapasa gizani, akilinganisha umri wa bibi yake na mistari ya bwana fulani.

Msaada umetoka pasipotarajiwa. Mwaka 1865 ilianzishwa benki ya kuwawekea akiba watu waliotoka utumwani, Freedman's Bank. Karani, ili amtambue mteja asiyejua kusaini, aliuliza jina la baba, mama, ndugu, mke, watoto, alikozaliwa, na mara nyingine hata bwana wake wa zamani. Benki ikafilisika 1874, wateja zaidi ya 60,000 wakiidai karibu dola milioni 3, fedha za kufua nguo na kuchuma pamba. Daftari zikabaki. Wafungwa wa gereza la jimbo la Utah walijitolea, wakachukua miaka kumi na mmoja kuzipanga, na mwaka 2001 zikatolewa na majina kama 480,000. Mzee wa chini husema pesa za watu ziliibwa mchana kweupe, na waliokuja kurudisha kitu ni wafungwa.

Kwa nini Utah? Kwa sababu Wamormoni, wenye kanisa lao huko, wanaamini kwamba waliokufa nao wanaweza kubatizwa kwa niaba, sharti wajulikane kwa majina. Ndiyo maana maktaba yao ya nasaba ya Salt Lake City ni kubwa kuliko zote duniani na kuingia ni bure, na filamu za kumbukumbu wamezihifadhi ndani ya mlima wa mawe. Siku hizi wametambua kwamba kuna nchi ambazo karatasi haikutangulia, hivyo watu wao huenda vijijini, Ghana kwa mfano, kuwarekodi wazee wakitaja ukoo kwa mdomo.

Jambo hilo limemfikia Mama Mwenye Nyumba, na ndilo lililoleta barua hii. Amemtengenezea mwandishi wenu mti wa ukoo kwenye kompyuta, zawadi ya kuzaliwa, matawi yote matupu, na kila Jumamosi anauliza yatajazwa lini. Kwa hiyo, Shangazi, mkae na Bibi baada ya alasiri, mumpe kahawa, ataje majina kuanzia kwa yule mzee aliyetoka Pangani kurudi nyuma. Watenganisheni ndugu wa damu na ndugu wa mtaa, maana mara ya mwisho alitaja kumi na wanane na wanne walikuwa wavuvi waliokuwa wakila kwetu. Mkiweza, pateni na tarehe. Fomu ina kisanduku cha siku, mwezi na mwaka, na "alizaliwa mwaka wa nzige, mahindi yakiwa magotini" imeshajaribiwa mara mbili. Kompyuta inaikataa kwa wino mwekundu.