Saa Kumi Alfajiri Kulikuwa na Nani?

Simu iliita Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, chapati iko mkononi. Alikuwa mhasibu wa saccos moja ya Morogoro, tuliyoitengenezea mfumo wa mikopo. Hakusalimia. Mama yule husalimia mpaka kuku wa nyumbani kwako, kwa hiyo chapati niliiweka chini.

"Mwanangu, tumeingiliwa. Kuna mtu kaingia kwenye mfumo saa kumi alfajiri kwa jina langu. Mlinzi tumeshamkalisha."

Nikafungua logi. Mstari upo, na mwandishi wake ni mimi: "04:12 uid=3 OK".

"Shikamoo mama. Leo umefika ofisini saa ngapi?"

"Saa moja na dakika kama kumi. Kwani vipi?"

"Basi aliyeingia ni wewe."

Kimya. Nikaanza kueleza kwamba seva inafuata saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3. Kwamba 04:12 ya seva ni 07:12 ya Morogoro, nayo 07:12 kwa Mswahili ni saa moja na dakika kumi na mbili. Dakika moja ina majina matatu, na mimi nikachagua lile ambalo kwa mama linasomeka saa kumi, wakati ambao pale ofisini yupo mlinzi na paka tu.

"Haya, nimeelewa," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaelewa. "Na mtoto je?"

Mtoto gani tena?

Hapa inabidi nikiri. Mwezi uliotangulia nilipandwa na ari ya Kiswahili, nikatafsiri ujumbe wote wa seva kwa usiku mmoja ili watumiaji wasihangaike na Kiingereza. Sasa, Linux kwa miaka mingi ilikuwa na maneno yake ya pale memori inapojaa: programu fulani iuawe, au mtoto wake atolewe kafara. Mtoto ni programu iliyozaliwa na programu nyingine. Mafundi tumezoea, hatushtuki. Nikatafsiri neno kwa neno. Kwa hiyo usiku wa kabla ya simu ile, seva ilipoelemewa, ikaandika kwa rangi nyekundu, juu kidogo ya mstari wa saa kumi: "Memori imejaa. Ua 4471 au toa mtoto kafara."

Mlinzi ana wajukuu wanne. Alikuwa ameshaulizwa habari zao mmoja mmoja.

Utauliza, kazi hii haikukaguliwa? Ilikaguliwa. Kwetu msimbo hautoki mpaka mwenzako ausome. Mwenzangu alisoma mistari 600 kabla chai yake haijapoa, akaandika "Safi". Simlaumu, ya kwake, wiki moja kabla, niliipitisha hivyo hivyo. Na hata tunapokagua kwa makini tunagombania nafasi na mabano, ujumbe wenyewe tunauruka kama dimbwi.

Safari hii nikaipeleka kwa dada mmoja wa ofisini ambaye watu humkwepa. Alirudisha na maoni 17. Penye "Imeshindikana. Wasiliana na msimamizi" aliandika: "Ndiye nani?" Nikaangalia orodha: msimamizi wa mfumo ni mama mhasibu. Miezi minane tumekuwa tukimtuma ajipigie simu. Penye "Hitilafu 31" akanikumbusha kuwa mwaka 1998 watu wa intaneti walitunga kwa utani hitilafu 418, ya birika la chai linalokataa kupika kahawa. Birika, alisema, angalau linajieleza. Penye mstari uliokuwa ukianika nywila ya mtu waziwazi hakuandika neno. Alikuja mezani kwangu, akasimama.

Kwenye kuandika muda, tulibishana nusu saa kama saa sita na nusu usiku ni ya leo au ya kesho, tukaafikiana na "usiku wa kuamkia Jumanne", kama redio inavyotangaza ajali.

Kisha tukatunga ujumbe huu: "Rejesho la mwanachama 0218 halikupokelewa: kiasi kimezidi deni lake. Hakiki kiasi, kisha ingiza tena." Dada akagoma kuupitisha mpaka nimsomee mama kwenye simu. Mama alisikiliza, akacheka.

"Huyo kaongezewa sifuri. Kumbe hiyo kompyuta yenu inajua kusema!"

Mfumo uliorekebishwa ulianza kazi Ijumaa. Jumamosi nikapanda basi la Morogoro na kilo mbili za sukari za mlinzi. Alizipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, kisha akauliza kama zimeandikwa mahali. Nikamwambia hapana.