Ndoano Isiyo ya Sangara

Ndoano ya kuvutia tela ni chuma kinachofungwa kwenye fremu ya gari, chini ya bampa ya nyuma, ili kitu kisicho na injini kikubali kufuata. Jijini Mwanza jina hilo lina tatizo la ujirani. Anayeulizia ndoano katika maduka ya Kirumba, karibu na mwalo, huulizwa anataka namba ngapi, kisha hufungiwa pakiti ya kuvulia sangara. Muuzaji hajakosea sana, maana zote mbili hushika kitu kizito kisichotaka kuja. Ila sangara akichomoka, hasara ni ya mvuvi peke yake; tela likichomoka kwenye mteremko wa Bugando, hasara ni ya kila aliyeko bondeni.

Usukumani, kwa wengi elimu ya kuvuta hutangulia gari. Nira hukaa shingoni mwa ng'ombe, na nundu ya ng'ombe wa kienyeji huizuia isirudi nyuma mnyororo wa plau unapokaza. Wanaofungwa pamoja huchaguliwa kwa kimo na nguvu, kwa kuwa nira ikilala upande, plau huchora mfereji wa mlevi. Hakuna mkulima anayemfunga ndama na fahali kwa sababu tu kamba imefika. Mkulima huyohuyo akihamia Igoma na kununua gari, huuliza bei, redio na unywaji wa mafuta. Uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta haujui, hasa kwa vile kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani.

Kosa la kwanza huzaliwa na pete. Magari mengi yaliyotumika Japani huja na pete za chuma chini, na mwenye gari hufurahi kuwa amepata ndoano ya bure. Mara nyingi pete hizo ni za kulifunga gari lisicheze melini. Pete halisi ya kuvutwa, katika magari mengi madogo, ni ya kuskurubu, na makazi yake ni kando ya jeki. Baada ya wamiliki watatu huwa imehamia pasipojulikana. Ndipo kamba ya nanga inapofungwa kwenye bampa, ambayo ni plastiki. Anayevuta hufika Buzuruga akiwa na bampa ya jirani, na jirani mwenyewe yuko Igoma akiendelea kupiga honi.

Kamba nayo ina tabia zake. Ya nailoni hunyooka, ikakusanya nguvu, na ikikatika hurudi kama fimbo ya mchungaji mwenye hasira. Mnyororo haunyooki kabisa, hivyo kila mshtuko huenda moja kwa moja kwenye chuma na shingo za abiria. Anayevutwa injini ikiwa imezimwa hugundua pia kuwa breki na usukani vimekuwa vizito. Na kama gari ni otomatiki, pampu inayopeleka mafuta kwenye giaboksi huzungushwa na injini, kwa hiyo magurudumu ya kuendeshea yakiburuzwa safari ndefu, giaboksi hujikaanga. Gari la namna hiyo huhitaji brekdauni ya kulibeba, siyo majirani wenye moyo.

Kwa tela lenyewe, jambo kubwa ni kipimo cha kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye kikombe cha tela. Kile kilichozoeleka Ulaya kina milimita 50. Vya Marekani hupimwa kwa inchi: mbili ni milimita 50.8, na moja na saba ya nane ni 47.6. Macho ya binadamu hayaoni tofauti hiyo, lakini tuta la barabarani huiona. Kichwa cha 47.6 kikiwekwa ndani ya kikombe cha 50 hukaa, hufunga, na hata husifiwa. Fundi akisikia kinagonga, hujaza kipande cha tairi la baiskeli, na tela hutulia mpaka tuta la pili. Reli haina mchezo huo: mabehewa yanayopakiwa kwenye meli ya MV Umoja huvuka ziwa na kuunganishwa ng'ambo pasipo mtu kutafuta tairi.

Ndoano nene haiongezi nguvu ya gari. Iliyoandikwa tani mbili, ikichomelewa kwenye gari linaloruhusiwa kilo 750, inavuta kilo 750. Ikichomelewa kwenye bati la sakafu badala ya fremu, inavuta sakafu. Pawatila na trekta hutumia pini, ambayo kazi yake yote hutegemea kifungo kidogo cha kuizuia isipande. Kifungo kikipotea huwekwa msumari, na msumari ukipotea huwekwa imani.

Uzito unaolalia ndoano nao hupimwa. Kanuni ya Kimarekani husema asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lote: boti na tela vya kilo 1,000 vikandamize kilo 100 hadi 150, mradi gari linaruhusu. Mzigo wote ukirundikwa nyuma, pua ya tela huinuka na mkia huanza kucheza ngoma ambayo dereva hakuiagiza. Minyororo ya usalama hupishanishwa chini ya ndoano, ili pua ikichomoka idakwe. Taa za tela zina waya wake. Kijana mwenye kitambaa chekundu aliyeketi juu ya boti hafungwi kwenye waya huo.

Mwaloni, tela hurudishwa nyuma likikunja kinyume cha usukani, na wazee watano husaidia kwa kuelekeza, kila mmoja upande wake. Sakafu ya kushushia boti huwa na mwani wa kijani unaoteleza, na handibreki ya gari la zamani ni pambo. Gari likiteleza kabla boti haijafunguliwa kutoka kwenye tela, gari, tela na boti huteremka ziwani pamoja, bila kuachana hata sentimita moja, na hapo ndipo mafundi walioko ufukweni hukubaliana kwamba ndoano ilikuwa ya kipimo chake.