Nywele Juu, Kamati Imeamua

Wifi yangu ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi, na kamati ya harusi hapa Isiolo ina nguvu kuliko bunge la kaunti. Bunge likipitisha jambo, kuna mtu atakwenda mahakamani kulipinga. Wifi akipitisha jambo, unatuma mchango kwa M-Pesa na kunyamaza. Juzi amepitisha kwamba wanawake wote wa upande wetu tutavaa zambarau, viatu vya rangi ya dhahabu, na nywele juu. Akatuma na picha kwenye kundi la WhatsApp: dada mmoja mwenye shingo ndefu, nywele zote zimepandishwa hadi utosini, zikaviringwa, zikatulia. Chini ya picha akaandika, "Hivi. Sote."

Nywele zangu zina urefu wa vidole vitatu. Ukizivuta, vinne. Nilizikata kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, kwa sababu paji la uso lilikuwa likipanua mipaka yake kila mwaka bila kuomba ruhusa ya mtu. Sasa ziko kwenye ule umri wa kero: kinyozi anasema ni ndefu, msusi anasema ni fupi, na upepo wa Isiolo hausemi kitu, unazisimamisha tu upande unaoutaka.

"Wifi, zangu hazifiki juu," nikamwandikia.

"Wifi, hakuna nywele isiyofika juu. Ni kuvuta tu."

Hapo ndipo tunapokosana, mimi na wifi, na Kenya nzima kwa jumla. Tumekubaliana, sijui katika mkutano gani, kwamba nywele nadhifu ni zile zinazouma. Mtoto wa miaka mitano akilia kwenye mkeka anaambiwa avumilie ili awe mrembo. Akikua anajilipia mwenyewe ili alizwe. Anatoka saluni nyusi zimepanda, macho yamevutwa kuelekea masikioni, hawezi hata kukasirika kwa sababu uso hauna nafasi ya kukunjamana. Anameza dawa mbili za maumivu. Usiku analala kifudifudi. Siku ya tatu, ndani ya matatu ya Meru, kichwa kinawasha na haruhusiwi kukikuna, basi anakipiga makofi, paa, paa, abiria wanadhani amekumbuka deni. Ukimuuliza habari za nywele, anakwambia zimetoka safi, zimeshika.

Zimeshika, ndiyo. Zinaning'inia ukingoni.

Kwa kuwa wifi haamini neno langu, nilimtumia la daktari. Nonhlanhla Khumalo, bingwa wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, alichunguza na wenzake vichwa vya watu kule Afrika Kusini, na katika utafiti waliochapisha mwaka 2007 karibu thuluthi moja ya wanawake walikuwa na upara wa kuvutwa. Si uzee, si jicho la mtu. Ni kuvutwa. Shina la unywele likivutwa muda mrefu linavimba. Ukiacha mapema, unywele unarudi. Ukiendelea, pale penye shina panakuwa kovu, na kovu haliotishi kitu hata ulipake mafuta ya ng'ombe wa Borana wote. Vile vipele vinavyotokea kwenye paji baada ya kusukwa ni kichwa kinakuandikia barua ya malalamiko. Na ukisuka juu ya nywele zilizolainishwa kwa dawa, hatari inazidi.

Wala tusijione wa pekee. Madaktari walianza kuuandika upara huu mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya kuwaona wanawake wa Greenland waliokuwa wakivuta nywele na kuzifunga kwa nguvu juu ya kichwa. Greenland, ambako kuna barafu, hakuna vumbi, hakuna zambarau, hakuna kamati. Nikajua kila nchi ina wifi wake.

Jibu la wifi kwa utafiti huo lilikuwa kidole gumba na namba ya msusi.

Sina ugomvi na wasusi. Wanasimama kutwa nzima na wanasikiliza mambo ya watu ambayo hata kasisi asingeyataka. Lakini huyu niliyetumwa kwake alinishika kichwa bila salamu. Akazikusanya nywele zangu zote mkononi, akakuta mkono haujajaa.

"Mathe, hizi nitakuwekea jeli, nifunge na raba, halafu nibandike kishungi cha pakiti hapo juu."

"Raba gani?"

Akanionyesha ile nyembamba inayofungia noti. Raba hiyo ikikaa kwenye nywele za kipilipili haitoki peke yake; inatoka na mateka. Na kishungi cha pakiti kina uzito, nacho kitaning'inizwa kwenye vidole vyangu vitatu kuanzia asubuhi ya kanisani hadi usiku wa kukata keki. Kisha akachukua mswaki, kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya meno, ili anilazie nywele za pembeni kwenye ngozi. Nikamwambia nimekumbuka nimeacha maharagwe jikoni.

"Vumilia kidogo tu, mathe!" aliniitia nikiwa nimeshafika mlangoni.

Anayeteseka zaidi yangu ni mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne. Shule nyingi za wasichana hapa kwetu huwataka wakate nywele kuwa fupi kabisa, kwa hiyo msichana anatoka na kichwa cha kuruta. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi. Ukifanya KCSE mwezi Novemba, hadi matokeo yatoke Januari una sentimita mbili, labda tatu ukiwa na bahati ya ukoo. Lakini yeye ana hamu ya miaka minne, anataka kuziwekea dawa, kuzisuka na kuzibandikia pakiti, yote kabla ya Krismasi. Nywele changa hizo zinavutwa kabla hazijajua ziko kichwani mwa nani. Wifi amemwandikia naye: juu.

Kwa hiyo tulikaa sebuleni, mimi na mpwa, tukaanza kutafuta njia ya kupandisha kitu ambacho hakitaki kupanda, bila kukiumiza. Nitaeleza tulichofanya, kwa sababu najua wako wengine mnaosumbuliwa na wifi zenu.

Uzi ndio wa kwanza. Uzi mweusi wa kusukia, ule wa bibi zetu, ambao siku hizi wasichana wanauona wa kijijini. Usiku unalainisha nywele kwa maji kidogo na mafuta, unazigawa mafungu, kila fungu unalizungushia uzi kutoka chini hadi ncha. Karibu na ngozi unalegeza. Ukiona ngozi imeinuka kihema, umeshaanza kuwa msusi. Asubuhi unafungua, nywele zimenyooka bila moto wala dawa, na vidole vitatu vimekuwa karibu vinne. Tatizo ni usiku wenyewe. Nywele fupi zikifungwa uzi hazilali, zinasimama kama antena. Mume wangu aliniangalia muda mrefu kabla ya kuzima taa, akaniuliza ninashika stesheni gani.

Juu ya uzi unafunga kitambaa laini cha kuteleza. Leso ya pamba inakunywa mafuta yote na kuzisugua nywele usiku kucha, na mimi mafuta nimeyanunua. Maji pia nimeyanunua, kwa mwenye mkokoteni wa punda, mtungi kwa mtungi, kwa kuwa mfereji wetu una tabia zake. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema osha nywele mara kwa mara nataka kujua nani analipa punda.

La pili ni hesabu, nayo wifi haipendi. Nywele za kisogoni haziwezi kufika utosini. Njia ni ndefu, zenyewe fupi. Ukilazimisha, ndizo zinazokatika kwanza. Basi za kisogoni unaziachia makazi yao: unazisokota kwa vidole, mistari miwili inayolala, inaelekea juu, unaibana kwa pini pale zinapoishia. Za pembeni vilevile. Za mbele unaziacha zijae. Mtu akikuangalia kutoka mbele, nywele ziko juu. Kutoka nyuma, karibu. Harusini anayekuona kisogo ni yule aliyeketi nyuma yako, na huyo anaangalia mlango ambako pilau itatokea.

Hizo pini nazo tumezitumia kinyume maisha yetu yote. Upande wenye mawimbi ndio unaolala kwenye ngozi, ili ushike nywele; sisi tunauweka juu kwa sababu tunadhani ni pambo. Na usiifungue kwa meno. Ile nukta laini ya nchani ikibanduka, kinachobaki ni chuma kinachokwaruza.

Raba ya noti tuliibadilisha na kipande cha taiti ya mitumba. Unakata mguu wa taiti kwa upana, unapata vipete laini vya bure vya kufungia ukoo mzima.

Lakini mfalme wa yote ni kamba ya kiatu. Mpwa ndiye aliyeijua. Unaizungusha kichwani kuanzia kisogoni, unakutanisha ncha mbele, na unavuta taratibu. Nywele zinapanda zenyewe hadi zinakuwa kishungi, na unasimama pale unapotaka wewe, si pale raba inapotaka. Ikikukaza, unalegeza. Raba hailegezwi; raba haina mazungumzo. Ila usifunge nywele zikiwa mbichi, kwa maana zikiwa na maji zinanyumbuka upesi na kukatika upesi. Kamba tuliipata kwenye viatu vya Toughees vya kijana wangu. Aliingia kutoka kuchota maji akatukuta.

"Mama, hiyo ni ya shule."

"Mwanangu, mama yako anakwenda harusini."

"Na mimi kesho niende na nini?"

Watoto wa siku hizi wana maswali.

Nikiwa na kamba yangu kichwani nilitoka hadi dukani, na hapo ndipo nilipoona jinsi mji huu ulivyonizunguka na majibu. Moran wa Kisamburu walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha duka, nywele zimesokotwa nyembamba, zimepakwa mafuta na udongo mwekundu, kila mstari mahali pake. Lakini hao husukana wenyewe kwa wenyewe, kwa saa na saa, chini ya mti, bila mtu wa kusema kuna wateja watatu wanangoja. Mama mmoja wa Kiturkana alipita na kuni, pembeni kumenyolewa safi, katikati tu ndiko kwenye visuko vidogo vinavyoning'inia. Huo ndio mtindo wenye akili kuliko yote niliyoiona: huwezi kupoteza nywele za pembeni ambazo umeshazinyoa. Nilimpigia wifi papo hapo, nikapendekeza tunyoe wote. Aliniuliza kama nimekula.

Jirani yangu Msomali alicheka hadi akashika ukuta. Yeye, alisema, hana shida hii, amejifunika. Nikamwambia asijidanganye. Kile kikofia cha ndani anachokivaa kinabana mstari uleule wa mbele, na fundo analolifunga chini ya hijabu ili kichwa kionekane kirefu linavuta vilevile. Akaacha kucheka. Jioni alituma binti yake aje aulizie habari za taiti.

Jumapili ulikuwa mkutano wa kamati nyumbani kwa wifi. Mimi na mpwa tukaenda tumejipanga kwa vita: nywele za uzi, misokoto nyuma, kishungi mbele, pini upande sahihi. Upepo ulitupiga njia nzima na vumbi lake, na ajabu, hakuna kilichohama. Nilikuwa na hotuba tayari, nikianzia Greenland.

Wifi alinizunguka mara moja, kimya. Akabonyeza kishungi. Akanusa mafuta.

"Wifi, umependeza. Nani amekusuka?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa pesa ngapi?"

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. "Bure," nikasema.

Kamati nzima ikanigeukia. Wifi akafungua lile daftari lake la michango, akapiga mstari juu ya kifungu cha msusi, mstari mnene wa mtu aliyeokoa pesa, akaandika jina langu pembeni. Wanawake wote wa upande wetu, Ijumaa usiku kwa uzi, Jumamosi alfajiri kwa kufungua, na niende na vifaa vyangu. Nilijaribu kusema kwamba kamba ninayo moja.

"Wifi, shule si ziko?" alisema. "Azima."

Kijana wangu alikuwa mlangoni akitungojea, na alisikia. Tangu jana viatu vyake sivioni.