Mkate Uliolala

Tangu binti yangu ahamie Upanga, Dar es Salaam, ana jirani wa Kihindi, na kila anachopika jirani huyo, kesho yake kinaletwa kwangu Mchinga kwa simu. Sio chakula. Maelekezo.

Juzijuzi kaniamkia vizuri, "Shikamoo baba," na marahaba yangu haijafika mwisho keshaanza. "Mama si yuko harusini Kilwa Kivinje? Wapikie wajukuu sambusa za mkate. Rahisi tu, dakika kumi. Unachukua mkate wa slesi uliolala, unaondoa zile kingo, unachovya slesi kwenye maji, unaikamua kwa viganja, unaweka viazi vya kuponda katikati, unafunga, unatumbukiza kwenye mafuta. Vitu vyote unavyo hapo nyumbani."

Nina miaka sitini na mitatu, nimedanganywa na wanasiasa, na wanunuzi wa ufuta, na madalali wa viwanja. Lakini maneno matatu yenye uongo mwingi kama "vitu vyote unavyo" sijapata kuyasikia.

Tuanze na viazi. Ukichimba ardhi ya Mchinga unapata mihogo. Ukiingia porini na jembe na subira unapata ming'oko. Kiazi mviringo hukipati hata uchimbe mpaka utokee China. Kinatoka Njombe kwenye baridi, kinapandishwa lori, kinafika dukani kwetu kimechoka kuliko mimi. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake vilipokata barabara pale Somanga, mabasi na malori ya kutoka Dar yalikwama, na huku hatukumsikia mtu akilia kwa kukosa kiazi. Tulimenya mihogo, tukakuna nazi, maisha yakaendelea.

Nikaenda kutafuta binzari nyembamba. Mwenye duka akanipa binzari ya manjano.

"Nataka nyembamba."

"Mzee, hiyo ukitia kidogo inakuwa nyembamba."

Nchi nzima wachuuzi wanaitwa machinga, jina ambalo wengi wanasema asili yake ni huku kwetu. Kariakoo machinga anakufuata na soksi mpaka mlangoni mwa basi, na huna hata viatu vya kuvalia. Huku ambako jina limezaliwa, mtu wa kunifuata na binzari nyembamba hayupo.

Lakini hayo madogo. Kesi yangu mimi ni mkate uliolala.

Nilimuuliza binti kwa nini usiwe mkate wa leo. Akasema mkate mpya ukiuchovya unageuka uji, na usipogeuka uji, ukifika kwenye karai unakunywa mafuta kama ngamia. Uliolala umeshakaza kiini, unavumilia maji. Nikaelewa. Lakini nikaelewa na jambo lingine ambalo yeye hakulisema: haya ni mapishi ya watu wanaobakiza. Mtu kanunua mkate, kala, kashiba, mkate umebaki, kalala, kaamka, mkate bado upo! Ndipo anajikuna kichwa, aufanyeje. Hiyo ndiyo shida iliyozaa sambusa za mkate, na mimi naomba Mungu anipe shida hiyo hata mara moja kabla sijafa.

Kwangu wapo wajukuu watano. Mkate ukiingia saa moja asubuhi, saa moja na robo mfuko wake unapeperuka uani na kuku wanaugombania. Nyumba hii mkate haujawahi kulala. Hata kusinzia haujasinzia.

Nikasema basi, nitaulaza kwa nguvu.

Mkate wa kwanza niliuficha kabatini nyuma ya kanzu ya Idi. Kabla ya Isha, nimeshaivaa, mjukuu wa mwisho akaja kunikumbatia. "Babu, kanzu yako inanukia chai." Haikunukia chai. Ilinukia kile kinacholiwa na chai, na yule mtoto hakosei. Ukaliwa.

Mkate wa pili niliufungia ndani ya sanduku la khanga za bibi yao, ufunguo nikauvaa shingoni. Saa nane ya usiku nikasikia mwizi sandukuni. Nilipowasha tochi, mwizi alikuwa mimi. Nilikusudia slesi moja tu, ya kuujaribu kama umelala. Nikauliza ya pili, nayo haikujibu. Kulipokucha hapakuwa na mkate wa kumpikia mtu.

Mkate wa tatu nikaupeleka uhamishoni kwa jirani, mzee mwenzangu anayeishi peke yake, nikamwambia aniwekee siku tatu, nichukue tahadhari. Hapo ndipo nilipokumbushwa naishi wapi. Mkate wa Mchinga haukauki. Upepo wa bahari unaingia na unyevu wake, mkate unabaki laini, siku ya tatu unaota ndevu, tena za kijani. Jirani akaurudisha kwa heshima zote. "Mzee mwenzangu," akasema, "mkate wako umebaleghe."

Wa nne nikaupakata mwenyewe. Nikakaa nao kitini barazani usiku kucha, redio upande mmoja, fimbo upande mwingine. Na mtu anayelinda mkate hana kazi zaidi ya kuwaza. Nikamkumbuka Ibn Battuta, aliyepita Kilwa mwaka 1331 akausifia mji, kisha akafika India kwa Sultani Muhammad bin Tughluq, akaandika alivyoandaliwa sambusa: nyama iliyosagwa na lozi, jozi, pista, vitunguu na viungo, imefungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Kumbe mkate na sambusa ni ndugu wa zamani! Nikawakumbuka na Wareno walioivamia Kilwa mwaka 1505. Ndio haohao waliokwenda Goa wakawazoesha Wahindi mkate wa kuumuka, na neno pav, wanavyouita mkate huo, limetokana na lugha yao. Goa wakaacha mkate. Kilwa Kisiwani wakajenga ngome, pale panapoitwa Gereza mpaka leo. Nikasonya peke yangu gizani. Hata katika kutawaliwa kuna watu wenye bahati.

Alfajiri nikahesabu. Slesi sita. Msiniulize nyingine, usiku ulikuwa mrefu.

Nikachemsha viazi, nikaponda na kitunguu, pilipili, chumvi, ndimu na ile binzari ya manjano iliyotakiwa iwe nyembamba. Nikachambua na kibua mmoja wa kukaanga, maana wa pwani hawezi kuona viazi vitupu akanyamaza. Nikakata kingo. Slesi ya kwanza nikaichovya, nikahesabu moja, mbili, nikaitoa, nikaibana viganjani. Ilipita yote katikati ya vidole. Nikabaki na viganja vyeupe kama mtu anayepaka chokaa. Ya pili nikaichovya nikitoa hapohapo, nikaikamua taratibu kama unavyokamua chujio la tui, ikakubali. Nikaweka viazi, nikakunja, nikabana mshono kwa kidole gumba. Karai likalia, mshono ukafunguka kidogo, kibua akachungulia nje, akakaangwa mara ya pili maskini. Lakini rangi ikaja ya dhahabu, na harufu ikawatoa wajukuu ufukweni bila kuitwa.

Slesi tano, sambusa tano, wajukuu watano. Mpishi hesabu haikumfikia. Kingo nilizokuwa nimejiwekea kwenye sahani wakazichovya kwenye chai wakati wakisubiri, na mjukuu mkubwa akatamka hukumu mbele yangu, mdomo umejaa: "Babu, zile za pembeni ndizo tamu."

Mikate minne, shilingi 2,000 kila mmoja: 8,000. Kwa fedha hiyo mama anayeuza bajia za kunde pale barabarani, za shilingi mia mia, angenipa bajia themanini, na kachumbari juu, na mimi usiku ningelala.

Jioni binti akapiga.

"Shikamoo baba. Zimetoka?"

"Marahaba. Zimetoka."

"Umeona? Dakika kumi tu! Sasa baba, zile zilizobaki, kesho asubuhi zipashe moto kidogo. Zikilala zinakuwa tamu zaidi."

Nikamwambia mtandao wa Mchinga unakatika.