Abiria Bubu, Choo Msemaji

Tokyo kila kitu kinasema isipokuwa abiria. Ngazi za umeme zinakuonya uangalie mguu. Lori likikata kona linatangaza, kwa sauti ya binti mwenye adabu, kwamba linaelekea kushoto. Bafu la bwenini kwetu likishajaa maji ya moto linapiga muziki, kisha linakuarifu kuwa maji yapo tayari. Lakini panda treni asubuhi: watu wamebanana mbavu kwa mbavu na husikii hata kikohozi. Mimi ni wa Tanga, nimekulia kwenye daladala. Kwetu mtu akikaa pembeni yako bila salamu, unashika mfuko.

Nilikwenda kujifunza kutunza pampu za maji, pamoja na wenzangu kutoka Zambia, Nepal na Paraguay. Nilidhani tutaanza na pampu. Tulianza na viungo. Asubuhi redio inapiga kinanda, nanyi mnanyoosha mikono na kuzungusha viuno kwa amri. Mazoezi hayo yanarushwa redioni Japani tangu 1928, na wazee wa karakana wanaweza kuyafanya wakiwa usingizini. Mzambia wa kushoto kwangu aliupeleka mkono kulia wakati kundi zima limeupeleka kushoto, na gharama ikalipwa na pua yangu.

Likafuata somo la kidole. Kabla ya kufungua valvu unaisogelea, unainyooshea kidole na kusema kwa sauti kubwa: "Valvu imefungwa, sawa!" Geji ya presha nayo hivyohivyo. Waliouanza utaratibu huu ni madereva wa treni za mvuke, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na utafiti wa taasisi ya reli ya huko mwaka 1994 ulikuta kwamba ukinyoosha kidole na kutamka, makosa katika kazi ndogondogo yanapungua kwa karibu asilimia 85. Mwalimu wetu, mzee mfupi mwenye ovaroli iliyopigwa pasi, aliitaja hesabu hiyo taratibu, akisubiri tumalize kucheka. Mimi nimefunzwa na marehemu bibi kwamba kunyoosha kidole ni utovu wa adabu, na kuongea na chuma ni ugonjwa. "Sauti haijafika," mzee akasema. Nikapaza. Haijafika. Nikapaza kama kondakta anayeita abiria wa Raskazone. Pampu kimya. Katika nchi nzima ile, ndiyo mashine pekee iliyokataa kunijibu.

Choo hakikuwa na kiburi hicho. Ukutani kulikuwa na vitufe vingi kuliko rimoti ya televisheni. Nilibonyeza chenye alama ya noti ya muziki, maji yakavuma vizuri sana, nikageuka: hakuna lililoondoka. Ilikuwa sauti tupu, iliyowekwa kwa ajili ya wenye haya, ambao zamani walikuwa wakivuta maji mara mbili ili wasisikike. Nikajaribu chekundu. Kengele ikalia, na baada ya muda mfupi mhudumu akagonga mlango, akaniomba radhi. Sijui kwa kosa gani, ila aliomba kwa dhati, nikamsamehe.

Jumapili mimi na Mzambia tukaenda kutembea. Shibuya tulipiga picha na sanamu ya Hachiko, mbwa aliyeendelea kumsubiri bwana wake kituoni kwa karibu miaka 10 baada ya mwenyewe kufariki mwaka 1925. Tukapanda treni ya Yamanote, inayozunguka mji kwa vituo 30, kuelekea Ueno. Hapo ndipo simu ikaita: shangazi, kutoka Muheza. Vibandiko vinaomba abiria wasiongee na simu. Lakini shangazi huwezi kumkatia.

"Shikamoo, shangazi," nikanong'ona.

"Marahaba. Mbona sauti imekauka? Unaumwa?"

"Siumwi. Huku ndani ya treni watu hawaongei."

"Nani kawakataza?"

"Hakuna. Wenyewe tu."

"Mwanangu, umetekwa? Kama umetekwa, kohoa."

Na mimi, kwa bahati mbaya ya vumbi au shetani, nikakohoa. Simu ikakatika.

Kutoka Ueno tukaenda Asakusa. Huko, kwenye hekalu la Sensoji, unatoa yeni 100, unatikisa kopo la chuma, kinatoka kijiti chenye namba, unafungua droo yenye namba hiyo na kuchukua karatasi ya bahati yako. Hekalu hilo linasifika kwa kutobembeleza watu. Yangu ilisema nuksi: mgonjwa atachelewa kupona, safari si njema. Dawa yake ni kuifunga karatasi kwenye vyuma vilivyowekwa hapohapo na kuondoka zako. Niliifunga mafundo mawili. Mzambia, aliyepata bahati njema, alinitazama kwa huruma ya tajiri.

Jioni bwenini nikakuta ujumbe wa binamu. Shangazi ameitisha kisomo cha kuniombea, kuku wawili wamechinjwa, majirani wameshakula na kuitikia amina. Mchele ulichukuliwa dukani kwa mkopo, kwa jina langu, na mwenye duka anauliza yeni zinabadilishwa wapi.