Jogoo wa Kilo Tatu

Kuku wa Singida ana jina kubwa kuliko kilo zake. Jijini Dar es Salaam, tenga likishatajwa kuwa limetoka Singida, bei hupanda kabla jogoo hajawika. Ndiyo maana siku hizi kila tenga limetoka Ikungi au Iramba, hata lile lililopakiwa Kibaha.

Kuku wa kigeni wanaouzwa kwa jina hilo hawana kosa wenyewe. Kuroiler katoka India, Sasso katoka Ufaransa. Wana mayai mengi, minofu ya kutosha na manyoya ya rangirangi kama ya mwenyeji. Kosa ni kuwafanya Wanyaturu wa Singida bila kuwauliza.

Kienyeji halisi hujivuta miezi sita na zaidi ndipo atoshe sufuria. Chotara, yaani hao wageni, hamalizi hata minne. Basi, ndugu muuzaji, unapoapa kwamba jogoo huyo wa kilo tatu amekulia porini akila panzi, taja pia kwamba panzi hao huuzwa dukani kwa mfuko.

Usijione peke yako. Ulaya, wafugaji wa mbwa aina ya Saarloos nao hulalamikia damu inayochanganywa kimyakimya. Na mbwa huyo mwenyewe alipatikana Uholanzi kwa kumzalisha mbwa mchungaji wa Kijerumani na mbwa mwitu!

Kuchanganya si dhambi. Chotara auzwe kwa jina la chotara na kwa bei ya chotara. Ukimficha, mteja atamjua tu mezani: kienyeji hukupa kazi ya kutafuna, na meno hayadanganywi kwa kiapo.